Kababu ya Sita

Kwa unyenyekevu mkubwa natamka kwamba mkono wangu ulifanya kosa lile wenyewe, kwa mazoea.

Kila nilipotoka bwenini kuja likizo Morogoro, bibi alichemsha magimbi ya Uluguru, tukayaponda na tangawizi, tukakaanga kababu. Moja niliijaza pilipili kichaa kwa siri. Kila mara bibi aliichukua hiyohiyo, akaitafuna yote na kusema, “Leo chumvi imepungua.”

Leo ametimiza mwaka tangu afariki. Kwa desturi yetu Wahindu, chakula cha marehemu huwekwa juu ya paa; kunguru akila, marehemu ameridhika. Sahani ya kababu sita nilizokaanga asubuhi ilikuwa imeshapandishwa paani nilipokumbuka.

“Mama, moja ina pilipili.”

“Hetal, hata akifa humwachi bibi yako apumzike?”

Kunguru alitua. Akazigeuza kababu tano kwa mdomo, akaziacha. Ya sita akaipasua, kipande chekundu kikaning'inia mdomoni mwake kama ulimi, kisha akaimeza yote.

Nilimwambia mama nimejifikicha macho kwa mkono wenye pilipili. Naye akayafikicha yake, ingawa tangu asubuhi hakugusa pilipili.