Tumbo la Mzee Naftali

"Baba, hebu niambie. Moto huo unakuja kabla ya kula au baada ya kula?"

Mzee Naftali alikuwa amelala chali kwenye kitanda cha zahanati, shati limepandishwa mpaka kifuani. Akatazama dari, akafikiri. "Hilo sikuuliza," akasema, kisha akakohoa. "Yaani sikuangalia. Jumatano nitakuletea jibu."

Tabibu Gerald alimeza hasira. Mgonjwa mwingine angemsema, lakini huyu ni baba mkwe wake. Mtu kakuoza binti, utamfokea kwa sababu ya kiungulia?

Ilikuwa Jumatano ya kumi na moja sasa. Tumbo kujaa gesi, kucheua maji machungu, moto kifuani akiinama kupalilia. Gerald alishapima choo, akapima damu, akatoa vidonge vya kupunguza asidi na dawa nyeupe ya kunywa. Alikataza pilipili, akakataza chai ya rangi, akaagiza kitanda kiinuliwe upande wa kichwa kwa matofali mawili. Mzee aliitikia yote, na kila wiki akarudi na malalamiko yaleyale. Tena siku moja alikutwa kwenye benchi la wagonjwa anatafuna hindi la kuchoma lililopakwa pilipili, raha mustarehe. Wazee wengine wana vituko.

Kijiji kizima cha Kinyangiri kilikuwa kinatazama. Kijana kaja na koti lake jeupe, kaoa hapohapo, na mkwe wake mwenyewe kamshinda. Dukani walimuuliza, "Daktari, mzee bado tu?" Wengine walishaanza kupanda pikipiki kwenda kwa mganga wa mizizi. Hilo lilimuuma Gerald, lakini kilichomnyima usingizi ni umri wa mzee. Miaka sitini na nne, na dawa hazishiki. Aliogopa ugonjwa ambao hakutaka hata kuutaja.

Huko ukweni hakuwa na wa kumdokeza lolote. Mama mkwe wake, Damari, alishika mila barabara. Akimwona Gerald njiani, anachepuka. Akimsalimia, ni sauti tu kutoka nyuma ya mlango, na siku hizi hata hiyo sauti ilikuwa imefifia. Gerald alidhani ni kwa kuhofia afya ya mumewe.

Basi akaandika barua ya rufaa. Mzee Naftali aliposikia kwamba mjini Singida atameza mpira wenye kamera mpaka tumboni, alijipapasa koo.

"Unauma?"

"Unakera, Baba. Ila unaonyesha kila kitu."

"Kila kitu kabisa?"

"Kabisa."

"Basi nitaumeza."

Akaumeza kweli. Jumatano iliyofuata alishuka kwenye basi koo limekwaruzika, bahasha kaishika kwa mikono miwili, akaja moja kwa moja zahanati. Gerald alimwamkia, akaifungua. Akasoma, akarudia kusoma, halafu akacheka mpaka machozi yakamlengalenga. Koo safi, tumbo safi, hakuna kidonda wala uvimbe.

"Baba, huna ugonjwa. Hili ni tumbo la kijana wa miaka ishirini."

Mzee hakucheka. Alijibwaga kwenye benchi, akashika kichwa. "Sasa mama yenu nikamwambie nini?"

"Mwambie uko salama. Atafurahi."

"Mimi kuwa salama tunajua sote," akasema Mzee Naftali, sauti ikikwaruza. "Tangu nizaliwe tumbo halijawahi kunisumbua. Anayeungua ni yeye, ila hawezi kumfunulia mkwe tumbo. Nami nikajua, kwa vile tunakula chungu kimoja, huo mpira ungeyaona matumbo yote mawili."