Mahali pa Mtu Ambaye Hajarudi

Kompyuta ilikataa tena. Kila Njeru alipobonyeza "Hifadhi", ule ukurasa aliouunda mwenyewe wa kurekebisha rekodi za chama cha maziwa ulimrudishia swali lile lile: mwanachama yuko hai, au amefariki?

"Iambie sijui," alisema mama aliyeketi kando yake.

Mumewe, mwanachama huyo, alikuwa amepanda mlimani kumtafuta ng'ombe wao mtamba aliyepotea. Ukungu ukashuka, na huu ulikuwa mwaka wa nne bila yeye kurudi.

"Ukisema amefariki, mama, uanachama unakuwa wako leo. Shemeji yako hataweza tena kudai ng'ombe wa mumeo."

"Na si nitakuwa nimemzika mzee wangu na hiyo kidole yako?"

Ukungu ulikuwa umejaa dirishani, mweupe kama kioo cha kompyuta, hata hungejua ni kipi kinachomwangazia mwenzake. Njeru alifungua maandishi ya programu yaliyoendesha ukurasa, akaongeza chaguo la tatu: "Hajarudi".

Mama alilisoma polepole, midomo ikitembea. Akaligusa kwa kidole kilichonukia maziwa, akakiacha pale pale, kana kwamba kioo kilikuwa na joto la mtu. Mahali fulani ukunguni kengele ya ng'ombe ililia, ikafifia.

"Kijana, ati hata huyu mzee amepata mahali," alisema, akitabasamu kama aliye ndotoni. "Hakuna mtu alikuwa amemwekea."

Kisha akaondoa kidole.

"Sasa weka amefariki."