Kiboksi cha Besi

Kabla ya onyesho, dada mtu, mtoto wake mkononi, alichomoa kiboksi kinacholinda sauti ya besi isififie kwenye waya mrefu, akakitia mfukoni. Alikiunda mwenyewe, kabla ya kujifungua na mdogo wake kushika nafasi yake kwenye bendi. Wivu ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Mdogo mtu akajaribu nyuzi. Besi ikatoka imefubaa, kama inapigwa ndani ya gunia.

“Vidole vimelala, bibie, au umelala mwenyewe?” mpiga ngoma akacheka.

Mdogo mtu akavua gitaa, akamvisha dada yake. “Imenishinda, dada. Nipe mtoto, upige wewe.”

Mkanda wa gitaa ulimkaa sawasawa. Mdogo wake, mfupi vile, hakuwahi kuusogeza hata tundu moja.

Kiboksi kilimchoma pajani.