Wa Kunishika

Katika wodi ile ya saratani, mgonjwa aliyehofiwa kuanguka alifungwa kitambaa cha manjano mkononi, ili asiachwe ainuke peke yake. Muuguzi Tunu hakuwa na shaka kwamba Bi Mwanahawa angefungwa. Ugonjwa ulikuwa umemla, akabaki mifupa na macho.

"Haya, bibi, nipe mkono twende hadi dirishani, nikuone unavyotembea."

"Wewe kaa hapo hapo, mwanangu. Mimi ninaye wa kunishika."

Akainuka. Akatembea bila kuyumba, kiwiko cha kushoto kimeachana na mwili, kama mtu anayeongozwa. Alipofika dirishani alisogea pembeni kidogo, akampisha mtu ageuke, kisha akarudi kitandani na kujilaza.

"Nani huyo anayekushika?"

"Si ni mume wangu! Nani mwingine?"

Wodi nzima ilijua kuwa Bi Mwanahawa ni mjane. Lakini asiyeyumba hafungwi, basi Tunu akaanza kukirudisha kitambaa mfukoni.

"Nifunge tu, mwanangu," bibi akasema kwa sauti ya chini. "Anasema mikono imemchoka."

Tunu akainama, akakizungusha kitambaa kwenye kifundo chembamba cha mkono wake wa kushoto. Kitambaa kiliteleza, fundo likawa linalegea. Ndipo kidole cha baridi kikaja kulikandamiza lile fundo, taratibu, kama mtu anavyomsaidia mwenzake kufunga mzigo.

Mkono wa pili wa Bi Mwanahawa ulikuwa umelala kifuani pake, haujasogea.