Mkono wa Mhandisi

Mkewe alikuwa amepiga magoti kwenye tope, chini ya tuta la bwawa, na mkono wa mhandisi ulikuwa juu ya mkono wake.

Fundi Mkuu aliwatazama kutoka juu, amejibanza nyuma ya mkaratusi. Alhamisi ndiyo siku yake ya kupeleka vitunguu sokoni. Leo alimwachia dereva mzigo, akarudi kwa miguu, maana maneno ya dada yake yalikuwa yamemkosesha usingizi: "Kaka, mhandisi gani huyu asiyekuja ila wewe ukiwa sokoni? Au bwawa linakuogopa?"

Bwawa lilikuwa lake. Alilijenga mwenyewe kwa sepeto na jozi ya ng'ombe, akapanda mikaratusi juu ya tuta ili mizizi iushike udongo, wala hakumuuliza msomi yeyote. Bonde zima lilimwagilia kwa maji yake, na bonde zima likampa jina hilo la Fundi Mkuu. Sasa kijana wa shati lililonyooshwa kwa pasi anataka kuvuna asipopanda!

"Mzee akijua, mama?" mhandisi aliuliza.

Anamwita mama, Fundi Mkuu aliwaza, lakini mkono wake haujui adabu.

"Hatajua mpaka Jumamosi. Namjua mimi, likimwangukia yeye hatainua uso mbele ya watu tena."

"Mvua haziko mbali. Lazima uamue."

"Nimekwisha kuamua. Lete hiyo karatasi."

Mkewe akainua goti moja, akaandika juu yake, akaikunja karatasi, akaificha kifuani. Miaka thelathini ya ndoa, na mwanamke anapiga magoti topeni kutia sahihi hati ya kumwacha!

Mchana, mkewe alipomtengea chakula, Fundi Mkuu hakunawa mikono.

"Toa karatasi."

"Karatasi gani, baba watoto?"

"Uliyoandikiana na hawara yako!"

Mkewe alimkazia macho, kisha akacheka kicheko kifupi kisicho na furaha. "Hawara! Kwa magoti haya? Kula kwanza. Jumamosi utaisikia, itasomwa mbele ya majirani wote."

"Kumbe mmepanga kuniaibisha hadharani!"

"Nakuomba, baba watoto. Usiisome."

Aliinyakua kifuani mwake, akaifungua.

*Tuta si salama. Mizizi ya miti iliyopandwa juu yake imelitoboa, na maji yanachuruzika chini; ukiweka mkono topeni unayahisi. Mvua zikinyesha bwawa likiwa limejaa, nyumba za bondeni zitasombwa. Maji yatolewe mara moja, na aliyepanda miti hiyo ajieleze mbele ya wakazi wa bondeni.*

*Aliyepanda miti:*

Hapo palifuata mwandiko wa mkewe, umepinda kwa kuandikiwa gotini:

*Ni mimi. Mume wangu alinikataza, nikakaidi.*