Mbwa Asiyeweza Upweke

Mfugaji alimtoa kizimbani mbwa mdogo mweupe, akamweka mapajani mwa mama wa dereva wa lori. Mbwa akajikunja, akachomeka pua chini ya kiganja cha bibi yule.

Dereva akafurahi. Miezi minne hakuwa amekanyaga kwa mama yake, na alitaka kumwachia kitu cha kumchangamsha kabla hajarudi barabarani.

"Ni mpole," mfugaji akasema, "ila mbwa wa aina hii hawezi upweke. Akiachwa peke yake kutwa, hali wala halali. Anakaa mlangoni kusikiliza nyayo za watu."

"Maskini! Kumbe tunafanana," mama akacheka, huku akimkuna sikio.

Dereva naye akacheka, kisha kicheko kikamkwama. Asubuhi ile alikuta kiti cha mama kimesogezwa hadi mlangoni, akadhani anafuata upepo.

"Sasa mama, siku ukitoka atabaki na nani?" mfugaji akauliza.

"Na huyu mwanangu," mama akajibu upesi, bila kumtazama. "Kila Jumapili yuko kwangu, hakosi."

Uso wa dereva ukawaka moto. Akainama, akajifanya anafunga kamba za viatu.