Mume wa Bibi

Siku hizi kila mwenye ugonjwa wa kusahau huvaa sikioni kifaa kidogo kiitwacho mnong'onezi. Humwambia ni nani amesimama mbele yake, na hujifunza kwa kusikiliza jinsi mvaaji mwenyewe anavyowaita watu.

Bibi yangu, Nambua, alivalishwa chake mwaka jana. Mimi mjukuu wake nimerithi jina la babu, Senkondo, na tangu nikiwa mdogo Bibi hunitania kama mabibi wote: "Mume wangu, leo umeniletea nini?" Kisha tunacheka.

Juzi nilipoingia, aliinamisha kichwa kusikiliza, halafu akaiweka kanga yake vizuri.

"Bibi, mnong'onezi amekuambia mimi ni nani?"

"Mume wangu," alisema kwa haya.

Nikatoka nje kumpigia fundi. Akaniambia kosa hilo husahihishwa kwa sauti ya mwenyewe tu: lazima Bibi atamke kwamba mumewe alishakufa.

Niliporudi ndani alikuwa anamimina chai, akiimba wimbo ambao sijawahi kumsikia akiuimba.

"Bibi, hebu sema..."

"Niseme nini, mume wangu?" Safari hii hakucheka.

"Sema kama umeshatia sukari," nikajibu, nikakaa kwenye kiti cha babu.